Ngozi ya Ndama

Mume wangu Barnaba alikuwa na maneno mengi kuhusu mbwa, na yote yalikuwa ya sifa. Mbwa anayefungwa, alisema, ni mbwa wa wazungu. Hanusi mwizi, hajui mpaka wa boma lake, ananenepa tu kama mwenyekiti wa chama. Nami nilikuwa nikimjibu kwamba mbwa asiyefungwa atakuja kutufunga sisi. Alicheka. Barnaba akicheka pengo lake huonekana lote, na wewe uliyekuja na hasira zako unajikuta umecheka naye.

Mbwa mwenyewe aliitwa Komando. Aliletwa nyumbani na binti yetu Gentrix, angali mdogo, amefunikwa kwa sweta ya shule. Gentrix alifariki Desemba ya mwaka wa tisini na tatu, mara tu baada ya kujifungua, akatuachia mtoto wa kiume tuliyemwita Protus. Ndiyo maana Barnaba hakuweza hata kumkemea yule mbwa. Kila alipomtazama alimwona msichana mwenye sweta. Hilo nalielewa, maana mimi ndiye niliyemzaa Gentrix. Lakini msiba si sababu ya kuacha meno ya mbwa yatembee kijijini.

Tulikaa mpakani mwa msitu, chini kidogo ya Isecheno, na Komando aliingia msituni alivyotaka. Alitoka na mdomo mwekundu, siku nyingine akiburuta mguu wa paa. Barnaba aliuosha mguu huo akaniletea jikoni, nikakataa kuupika, akaupika mwenyewe. Askari wa msitu, Osundwa, alikuja mpaka kwetu kwa miguu, akasimama uani na kofia yake mkononi.

"Mzee, funga hii mbwa," alisema. "Hawa paa saa hii wako na watoto. Na mbwa ikishazoea kukimbiza mnyama, hainanga habari kama hii ni ya msitu ama ni ya jirani."

"Osundwa, wewe chunga miti yako," Barnaba akamjibu. "Mbwa yangu mimi nachunganga mwenyewe."

Haukupita muda mrefu, mbuzi wa Selpher akauawa. Selpher ni jirani yetu, mjane, na mbuzi wake alikuwa wa maziwa. Watoto waliofiwa na mama zao, na wale waliokataa titi, wengi walilelewa kwa maziwa ya mbuzi huyo, na Selpher hakumnyima mtu. Mbuzi alikutwa malishoni amefungwa kwenye kigingi chake, koo limeraruliwa. Mbele ya mzee wa mtaa Barnaba aliapa kwamba Komando alikuwa nyumbani, na kwamba kazi ile ni ya mnyama wa msitu. Vijana wakaweka mitego, wakanasa fungo wa msituni, wakampiga mawe mpaka akafa, na kesi ikaishia hapo. Nilipomwuliza Barnaba kama ana hakika, aliniambia mke hamwaibishi mumewe. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wazee, ila hawakusema inaishia mlangoni kwa nani. Selpher alimzika mbuzi wake nyuma ya nyumba, na tangu siku hiyo alinisalimia kwa mbali.

Sasa, kwetu ng'ombe akizaa, lile zalio linalomfuata ndama hutupiwa mbwa. Ndivyo tulivyokuta, na hakuna aliyeuliza. Barnaba aliongeza imani yake mwenyewe juu: mbwa akila zalio la ng'ombe, atamjua ng'ombe huyo na kumlinda kama ndugu yake. Hata ng'ombe wa wenzetu walipozaa alikwenda kuomba zalio, akalibeba kwenye karai likiwa bado na joto, akimwita Komando njia nzima. Na Komando akajifunza. Ng'ombe akilala chini na kuguna, chakula kinakuja. Hilo ndilo somo alilofundishwa, na alilishika vizuri kuliko watoto wengi wa shule.

Ng'ombe wetu alikuwa mmoja tu, wa kienyeji, na mwezi ule wa Januari alikuwa karibu kuzaa. Jua lilikuwa limekausha nyasi, ng'ombe wa majirani wameacha kutoa maziwa. Mkebe wa maziwa tuliopewa hospitalini ulikuwa umekwisha, na maziwa ya dukani ni ya wenye mshahara. Nilimpa Protus uji mwepesi akautapika. Nilimpa titi langu la bibi, akalinyonya kwa hasira, akaliachia, akanitazama. Mifupa ya uso wake ilianza kuonekana. Sikuwa na ombi lingine kwa Mungu: ng'ombe azae, mtoto anywe.

Uchungu ulimshika ng'ombe asubuhi, nami nimeshamfunga Protus mgongoni kumpeleka kliniki akapimwe.

"Baba Gentrix," nilimwambia, "usitoke hapa. Na hiyo mbwa uifunge."

"Nitafunga," akasema.

Hakumfunga, na alitoka. Sisemi alikwenda kucheza. Aliona ng'ombe anachelewa, akaona kwato moja tu imechomoza, akakimbia kumtafuta mtu wa kumsaidia kuvuta. Ng'ombe akajizalia mwenyewe, hana mtu. Nyuma yake alikuwa amekaa Komando, anangoja zalio lake kama alivyozoeshwa. Kilichotoka kwanza hakikuwa zalio.

Mlio wa yule ng'ombe niliusikia nikiwa barabarani nikirudi. Nilipofika nilimkuta Barnaba ameketi chini kwenye mavi, na ndama mbele yake, tumbo limefunguliwa, mguu mmoja wa nyuma haupo. Komando alikuwa kivulini akilamba miguu yake.

"Alifikiri ni zalio," Barnaba akasema. "Mama Gentrix, alifikiri ni zalio."

Nilimpiga. Katika ndoa yetu yote sikuwahi kumnyooshea mkono, lakini siku hiyo nilimpiga mabegani kwa viganja vyangu mpaka vikaniwasha, na mtoto mgongoni analia, na ng'ombe analia. Yeye hakujikinga.

Ng'ombe wa kienyeji hakamuliki bila ndama wake. Asipomwona na kumlamba hubana maziwa, na ukimlazimisha atakuvunja mkono. Mama yangu alinifundisha la kufanya. Nilimwambia Barnaba amchune ndama. Nikaishona ngozi pale ilipochanika, nikaijaza majani makavu ya migomba, nikaipaka chumvi, nikaiweka mbele ya ng'ombe. Kilikuwa kitu cha kutisha, chenye miguu mitatu. Ng'ombe alinusa. Alinusa tena. Kisha akaanza kulamba, na nilipoweka mkono chini, yakashuka.

Dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, ilipokwisha yakaja maziwa yenyewe. Niliyachemsha, nikayazimua kwa maji, nikampa Protus kwa kijiko. Alikunywa mpaka akalala, mdomo wazi, tone limebaki kwenye kidevu. Nilicheka peke yangu jikoni kama mwendawazimu. Kwa siku kadhaa tuliishi hivyo, na mtoto akaanza kulia kwa sauti ya mtoto, si ile ya paka.

"Ua hii mbwa," nilikuwa nimemwambia Barnaba jioni ya siku ile ndama alipouawa.

"Siwezi. Ni ya Gentrix."

"Mtoto pia ni ya Gentrix."

Aliinama. Akaenda akamfunga Komando kwenye mpera kwa kamba ya katani. Lakini mbwa aliyekua huru hajui kamba ni nini. Alilia mchana kutwa, nusura ajinyonge, akaitafuna. Barnaba alimwonea huruma akalilegeza fundo asiumie shingo. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe; mume wangu alimchelea hata mbwa.

Asubuhi moja nilikuwa nakamua, ndoo imefika nusu, ng'ombe analamba ngozi yake ametulia. Ngozi ilikuwa imeanza kunuka. Mimi harufu hiyo nilikuwa nimeizoea, ila Komando naye alikuwa akiinusa kutoka pale mperani. Sikumwona akija. Niliona tu ngozi imeruka, na mbwa anakimbia nayo kuelekea msituni, kipande cha kamba kikimfuata. Ng'ombe aliruka. Ndoo ikaenda upande wake nami upande wangu, na maziwa yakaingia ardhini nikiyatazama.

Ng'ombe alirudi pale ngozi ilipokuwa. Alinusa chini, akainua kichwa, akaanza kulia upya kama siku ile ya kwanza. Tangu hapo hakutoa tone. Nilimkanda kiwele kwa maji ya moto, nikampa chumvi mkononi, nikamwimbia, nikamlilia. Protus alilia siku nzima. Kesho yake alilia kidogo, na kilichonitia hofu ni ukimya wake.

Nilimbeba nikaenda nyumba kwa nyumba. Kila mahali jibu lilikuwa kibuyu kitupu na macho ya huruma. Mama mmoja alisema, "Mtoto kama huyu tulikuwa tunampelekanga kwa mbuzi ya Selpher." Kisha akakumbuka, akaangalia miguu yake.

Nilikwenda kwa Selpher hata hivyo. Nilijiambia labda anamjua mtu mwenye mbuzi huko Lurambi au kokote, nitatembea. Alikuwa anapepeta maharagwe. Aliuweka ungo chini, akanipokea mtoto bila kuniuliza, akafunua shuka akamtazama.

"Mama Gentrix," akasema, "mbona umekaa naye mpaka amefika hapa?"

Nililia tu, nimesimama pale kwenye uwanja wake uliofagiliwa. Alisema hajui mwenye mbuzi wa maziwa karibu. Aliyekuwa na mbuzi wa namna hiyo ni yeye mwenyewe.

Hapo ndipo Barnaba alipotokea njiani, hana kofia, amemshika Komando kwa kamba mpya. Alikuwa amemtafuta msituni na kumpata. Hakubisha hodi. Alisimama mbele ya Selpher akanyoosha mkono wenye kamba.

"Selpher, ile mbuzi yako haikuuawa na mnyama ya msitu," alisema. "Ni huyu. Asubuhi hiyo alikuja na damu, nikamwosha. Niliapa uongo. Sasa nimekuletea, umfanye vile unataka."

Selpher hakushtuka. Alimtazama Barnaba, akamtazama mbwa. Komando aliketi, akatikisa mkia kwa kuwa watu wote walikuwa wanamtazama.

"Nimfanye nini, Baba Gentrix?" Selpher akauliza, bila kupaza sauti. "Nimkamue?"

Kamba ilimtoka Barnaba mkononi ikaanguka chini, na Komando akabaki pale pale, huru kama siku zote. Kifuani pa Selpher, Protus aligeuza kichwa, akatafuta, akapata kifungo cha gauni lake, akaanza kukinyonya.