Kwale Mmoja wa Jumamosi

Usiku wa jana niliota nimekaa juu ya dungu, kijukwaa cha miti, katika kishamba nilichowapandia ndege, jua liko utosini, kombeo liko mkononi, na uwele unaongea.

Haukuwa unaongea na mimi. Ulikuwa unazungumza na mtama wa jirani, wote wawili wanalalamika kwamba wamepambwa kama maharusi na wageni hawafiki.

"Leo Ijumaa," mtama ukasema.

"Najua," uwele ukajibu.

Na mimi nilijua. Jumamosi asubuhi shemeji yangu Chidawali, mdogo wake marehemu mume wangu, angekuja na ng'ombe wa plau. Tulipatana mbele ya ukoo: robo ekari ya kando ya kichaka nipande nitakavyo, msimu mmoja. Akija hata kwale mmoja, shamba na kichaka vinabaki. Asipokuja, vyote vinafyekwa, inapandwa alizeti. Siku ile Chidawali alinicheka sana. "Shemeji, watu wote wanafukuza ndege, wewe unawapikia?" Nikamwambia tangu vichaka vyetu viishe, alfajiri inafika hapa kimya kimya, na mimi nimezoea kuamshwa na kwale. Akaniambia ninunue simu, ina jogoo ndani.

Basi nimekaa juu ya dungu, nangoja. Nimefuata yote aliyotuelekeza bwana wanyamapori: nimechanganya mbegu, sikuvuna, nimewaachia magugu wajifiche, nimewaachia na mahali pa vumbi wapate kuoga. Magugu yenyewe yamekaa kwenye vigoda, yanakunywa chai. Mahali pa vumbi pana ndoo ya vumbi, dodoki jipya na taulo.

"Vumbi limepoa," likasema gugu moja bila kunitazama. "Utawaogesha wageni vumbi la baridi?"

Nikashuka, nikaibandika ndoo jikoni. Jiko langu lilikuwa pale pale katikati ya uwele, na mafiga yake matatu, wala sikushangaa. Nikakoroga vumbi mpaka likachemka. Nikaonja. Halikuwa limekolea. Nikaongeza vumbi.

Nilipogeuka, kwale alikuwa amesimama mlangoni. Kwale jike, mnene, koo jekundu, miguu imepauka kama ya mtu aliyetembea siku mbili. Amebana kadi ya mwaliko chini ya bawa.

Na hapo mkono wangu ukafanya kazi yake. Kabla sijasema karibu, kombeo limeshazunguka mara tatu, na kinywa kimeshapiga kelele, "Hayaaa! Hoyaaa! Toka hapooo!"

Jiwe likaruka. Lilipofika mbele ya macho ya kwale likasimama hewani, likamwuliza kwa heshima, "Samahani mama, ni wewe niliyetumwa kwako?"

"Ni mimi. Hunitambui? Huwa tunakutana."

"Nilisikia leo ni sherehe," jiwe likasema, likashuka chini taratibu, limeona haya.

Nikaficha mkono nyuma ya mgongo. "Nisamehe, mama. Sikukusudia. Ni mkono tu, umezoea."

"Tunaujua huo mkono," kwale akasema. "Mwezi mzima tunakutazama tukiwa kichakani. Umetupandia uwele, vizuri. Umetuachia magugu, vizuri. Halafu ukajenga dungu katikati ya shamba, ukapanda juu na kombeo lako, ukatukodolea macho kutwa. Tukaulizana, huyu bibi anatualika au anatuamia tusile?"

Nikalitazama dungu. Kweli, nililijenga mwenyewe, siku ile ile ya kupanda. Hakuna aliyeniambia. Shamba la uwele lisilo na dungu sijawahi kuliona maisha yangu yote, kwa hiyo nililijenga kama vile mtu anavyotia mlango kwenye nyumba.

"Hata mimi nilishangaa," dungu likasema. Linajinyoosha, miti yake inalia. "Niliwekwa kazini bila kuelezwa kazi. Naomba ruhusa."

Nikaliruhusu. Likaondoka kwa miguu yake minne, linachechemea, likateremka korongoni. Na lilipopita, nyuma yake hapakuwa na shamba tena. Palikuwa na darasa la tatu.

Kwale wamekaa kwenye madawati, wanne wanne. Kanga wa porini wamewekwa nyuma kwa sababu ni warefu na wana maneno mengi. Yule kwale jike yuko mbele, ameshika daftari la mahudhurio.

"Damari binti Masinga."

Jina hilo halijasomwa kwenye daftari tangu miaka hamsini na minane iliyopita.

"Hayupo!" darasa zima likajibu. "Yuko shambani anatufukuza!"

"Nipo," nikasema, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtoto.

Kwale akashusha daftari. "Siku uliyoacha shule tulikuwepo. Baba yako alisimama pale mlangoni, akamwambia mwalimu uwele umeiva, anataka mtu wa kuamia ndege. Ukaondoka na kombeo, na hukurudi. Tuliona vibaya kidogo. Tulikuwa tumekula robo tu ya shamba."

"Nusu," nikasema.

"Robo."

"Mlikula nusu, mama. Mimi ndiye niliyekuwa juu ya dungu, naona."

"Na upande wa korongoni hakuuona," akasema kanga mmoja wa nyuma, wenzake wakaangua kicheko.

"Madoa, nyamaza au utoke nje," kwale akamwambia. Akanigeukia. "Haya, iwe nusu. Basi mtu tuliyemtoa shuleni anatualika kwa lipi?"

Nikafikiri. Walingoja, mmoja anadonoa chaki.

"Nilikuwa na miaka kumi," nikasema. "Kutwa nzima juu ya dungu, peke yangu. Mama yupo mbali, wenzangu wako darasani. Nilipiga kelele, ninyi mkapiga kelele. Nikinyamaza, mnaniita. Sikuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye. Sasa mmeondoka, na mimi ni mjane, na nyumba iko kimya."

Hakuna aliyecheka, hata Madoa.

"Njooni kesho," nikawaomba. "Hata mmoja. Bila hivyo kichaka kinafyekwa, na hamtakuwa na pa kurudi."

"Kesho haiwezekani," kwale akasema. "Mahali palipokuwa na dungu tunapachungulia siku tatu kabla hatujatia mguu. Hiyo ni sheria. Nilikwenda mara moja siku ya pili, nikarudi na watoto wawili kati ya tisa." Akafunga daftari. "Mlipatana vipi na shemeji yako? Yaseme maneno yenyewe."

"Akija hata kwale mmoja."

"Yanasema atoke porini?"

"Hayasemi."

"Yanasema awe na mabawa?"

"Hayakusema."

Akainamisha shingo, akakohoa mara mbili, akatoa kijiwe kutoka kwenye firigisi yake. Akakifuta kwenye manyoya ya kifua, akanipa.

"Sisi hatuna meno," akasema. "Mwenye jiwe tumboni ni kwale. Asiye nalo ni mpita njia. Hatuna kipimo kingine."

Kilikuwa bado na joto lake. "Nimeze sasa?"

"Ukimeza hapa utakuwa kwale wa hapa tu, na hapa hakuna plau. Weka chini ya ulimi." Akafungua daftari upya. "Damari binti Masinga."

"Nipo!" nikasema, kijiwe kikigonga meno.

Akatia alama. Ilikuwa alama ya mguu, vidole vitatu mbele na kimoja nyuma. Darasa zima likasimama, na kengele ikalia.

Ilikuwa kengele ya ng'ombe. Nimelala kitandani, jua limeshapenya dirishani, na uani plau linaburuzwa.

"Hodi, shemeji!" Chidawali anaita. "Jua limepanda na wewe bado umelala? Ng'ombe wako tayari. Niambie tu niende kuanza. Amekuja hata mmoja?"

Nikafungua kinywa nimjibu, ulimi ukagusa kitu. Nikakitemea kiganjani. Kijiwe cheupe, kama punje ya mahindi, laini, pembe zake zote zimesagika. Mwanamke yeyote aliyewahi kupasua firigisi ya kwale anakijua kijiwe cha namna hiyo. Hakiokotwi njiani.

"Amekuja," nikasema.

Plau likanyamaza.

"Amekuja lini? Yuko wapi, nimwone?"

Nikakirudisha kinywani. Nikachota maji mtungini, nikakimeza. Kilishuka vizuri, kama kitu kinachojua njia.

"Ngoja hapo hapo, shemeji," nikamwambia. "Anakuja kukufungulia mlango."