Namba ya Chini

Majina yalipotangazwa, wenzake walimbeba Profesa, kama walivyomwita darasani, juu juu mpaka kofia yake ya uuguzi ikadondoka kwenye majani. Mwanafunzi bora wa chuo! Siku ya kuapa yeye ndiye angeshika taa mbele ya wote, kiapo angekitamka yeye kwanza, wenzake wakimfuata mstari kwa mstari. Picha yake ingetundikwa kwenye korido ya utawala, wanapopita wakubwa na suti zao.

Alicheka, akapunga mkono, akashushwa. Kisha akaenda chooni akatapika.

Tangu aanze kusomea uuguzi, Profesa hakuwahi kusikia presha ya mtu hata mara moja.

Utotoni alioza masikio. La kushoto lilikufa kabisa. La kulia lilibaki na uwezo wa kusikia watu wakiongea, tena vizuri tu, lakini ile sauti ndogo ya damu inayogonga chini ya kitambaa cha mashine haikumfikia. Wenzake walisema inagonga du, du, du. Ikianza unasoma namba ya juu, ikipotea unasoma namba ya chini. Yeye akivaa steto, kifaa cha kusikilizia, alikuta kimya kama cha kisima kikavu. Mwanzoni alidhani kifaa ni kibovu. Akaazima kingine, na kingine, mpaka akajua kibovu ni yeye. Na daktari aliyempima kabla ya kujiunga alikuwa amemuuliza kama masikio ni mazima, akajibu ni mazima. Swali alilisikia sawasawa, ndiyo maana daktari hakuhangaika zaidi.

Basi akajifunza njia yake. Alijaza upepo huku vidole viko kwenye mshipa wa mkono wa mgonjwa. Mapigo yakipotea, aliachia upepo polepole. Yakirudi, alitazama mshale. Hiyo ndiyo namba ya juu, na haikuwa mbali sana na kweli. Namba ya chini vidole havikumpa. Hiyo aliitunga. Alimtazama mgonjwa usoni, akamkadiria kama mtu anayekadiria kiatu cha mtoto aliyeko nyumbani, akasema themanini, au sabini.

Aliyejua ni mmoja tu, rafiki yake, ambaye darasa zima lilimwita Redio kwa sababu hazimiki. Redio alikuwa na masikio ya popo na kichwa cha kuazima. Wakaelewana mapema. "Wewe nipe kichwa," Redio alimwambia, "mimi nakupa masikio." Kwenye mitihani ya kuandika Profesa alikaa mbele yake na kuacha karatasi wazi. Kwenye mtihani wa vitendo Redio alitangulia kumpima mgonjwa, akitoka anampitishia namba mlangoni kwa kukohoa na kujikuna. Mtahini alimsifu Profesa kwa mikono mitulivu.

Sasa Redio alimkuta chooni, akafunga mlango kwa mgongo.

"Futa mdomo. Mama Pasi anakutafuta."

Mama Pasi alikuwa mkufunzi wao mkuu. Alipewa jina hilo kwa sababu ya sare yake. Ilinyooshwa mpaka ukikaa karibu unaogopa kukatwa.

"Ananitakia nini?"

"Anataka uwaonyeshe mwaka wa kwanza jinsi ya kupima presha. Wodi ya wazazi. Shoga, kabeba ile steto ya mapacha."

Profesa akashika sinki. Steto ya mapacha ilikuwa ya kufundishia: kichwa kimoja, lakini mipira miwili na masikio ya watu wawili. Anachosikia mwalimu, mwanafunzi anasikia wakati huohuo. Hapo hakuna kukohoa wala kujikuna.

"Twende wote," akasema. "Ukae nyuma yake."

"Mimi nimepangwa wodi ya wanaume. Sikiliza, sema tumbo linakuuma. Umetapika, ushahidi upo." Redio akajaribu kucheka, kicheko kikakatika. "Usifanye ujinga, bibi wee. Ukizama wewe, na mimi nimefungwa kwenye mguu wako."

Lakini mlango ulipofunguliwa Mama Pasi alikuwa amesimama koridoni, na usoni ana kitu ambacho hawajawahi kukiona. Alikuwa anatabasamu.

"Profesa wangu, njoo," akasema. "Watoto wanakusubiri."

Wodi ya wazazi ilinuka dawa ya kusafishia sakafu. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walikuwa wamezunguka kitanda cha mlangoni, sare zao bado kubwa mabegani. Kitandani amelala mama mjamzito, karibu kujifungua, miguu imevimba mpaka vifundo havionekani.

Profesa alimjua. Asubuhi ile, kabla ya majina kutangazwa, alikuwa amempima yeye na wenzake upande wote ule wa wodi. Huyu alimpa mia thelathini na tano kwa themanini.

"Mama, hujambo?" Mama Pasi aliuliza.

"Sijambo, sista. Kichwa tu kinanigonga. Na hii taa yenu ya juu inanimetea machoni."

Taa ya juu ilikuwa imezimwa. Profesa alitazama balbu, akatazama tena. Darasani swali hilo angelijibu akiwa amelala. Mjamzito, miguu imevimba, kichwa kinagonga, anaona vimulimuli: mpime presha, maana anaweza kupata kifafa cha mimba, akafa yeye na mtoto. Asubuhi hakumuuliza hata kama kichwa kinauma. Alikuwa na haraka ya kwenda kusikia jina lake.

"Haya, mwalimu," Mama Pasi akamtania, akivaa masikio yake. "Tufundishe."

Alifunga kitambaa. Kikashika upande, akakifungua akakifunga upya. Mmoja wa wanafunzi akamnong'oneza mwenzake, "Hata yeye anaogopa, kumbe." Wakacheka kidogo. Profesa akavaa masikio, dunia ikajifunga. Akajaza upepo. Akaachia. Mshale ulishuka ukitetemeka, naye akaukodolea macho kama mtu anayesubiri hukumu kutoka kwenye saa ya ukutani.

Kimya. Kimya mpaka chini.

Akainua macho. Tabasamu la Mama Pasi lilikuwa limeondoka.

"Umepata ngapi?"

Mdomo ulimtangulia. "Mia thelathini na tano kwa themanini."

Mama Pasi alimtazama, akautazama mpira wa upande wa Profesa, akaunyoosha kwa vidole viwili. "Labda wako umejikunja," akasema polepole. "Hii ni kuukuu. Imejikunja, sivyo?"

Ule ulikuwa mlango, umefunguliwa wazi kabisa na mtu anayempenda. Angesema ndiyo, umejikunja. Mama Pasi angetaja namba yake, mama angetibiwa, na yeye taa ya kiapo angeishika. Profesa akafungua mdomo aseme ndiyo. Macho yake yakaenda kitanda cha pili, kisha cha tatu. Wale nao aliwapima asubuhi. Namba zao nani angezinyoosha?

"Haujajikunja," akasema. "Mimi sisikii."

"Husikii leo?"

"Sijawahi kusikia, mwalimu. Namba ya chini huwa natunga."

Mama Pasi alivua masikio, akamgeukia mwanafunzi wa karibu. "Mwite daktari. Mwambie mia arobaini na tano kwa mia na tano, kichwa kinagonga, anaona vimulimuli. Kimbia!" Kisha akamshika Profesa juu ya kiwiko, akambana. "Asubuhi umempima nani mwingine?"

"Upande huu wote."

"Beba mashine."

Wakaenda kitanda kwa kitanda. Mama Pasi akipima, Profesa akisimama nyuma na mashine mikononi kama mtu aliyebeba nyoka. Kila mara mkufunzi alipofumba macho kusikiliza, Profesa aliukazia macho uso ule, akitafuta mkunjo. Kitanda cha pili, Mama Pasi akatikisa kichwa: salama. Cha tatu, salama. Cha nne alirudia mara mbili, kisha akasema, "Sawa." Mgonjwa akauliza kuna nini, mbona wanapimwa kama wanakwenda mwezini.

Kitanda cha dirishani kilikuwa kimetandikwa shuka jipya.

"Huyu yuko wapi?" Mama Pasi akauliza.

Profesa alimkumbuka. Huyu alilazwa kwa sababu ya presha. Alisubiri ishuke tu. "Ameruhusiwa."

"Kwa presha ya nani?"

"Yangu."

Hakungoja kuambiwa. Aliiweka mashine kitandani, akatoka mbio. Alipita koridoni, akapita uani ambako mafundi walikuwa wanashusha viti vya sherehe, akagonga kimoja kikaanguka. Mtu akamwita kwa jina la utani, kwa pongezi. Hakugeuka. Kichwani alikuwa anaona kitu kimoja tu: mwanamke anaanguka peke yake sakafuni, nyumba asiyoijua, mlango umefungwa.

Mlinzi wa geti alipomwona akainua mkono. "Polepole, binti, nani anakufukuza?"

"Mama mjamzito! Ametoka na begi!"

"Wametoka wengi, hapa ndipo wanapotokea." Kisha akauona uso wake, akaacha mzaha. "Kuna mmoja pale ukutani. Anamsubiri mumewe."

Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa mtaro chini ya ukuta, begi miguuni, viatu amevivua. Alimtambua Profesa, akachangamka.

"Mwanangu, umenifuata? Nimesahau nini?"

"Mama, turudi wodini."

"Nirudi? Si wewe uliniambia niko vizuri, niende zangu? Nimeshampigia baba watoto, nimemwambia nesi yule mpole kasema nimepona."

"Nilikudanganya. Sikusikia presha yako. Nilisema tu."

Mkono mmoja wa mwanamke uliondoka kwenye goti, ukaenda tumboni, ukakaa pale.

"Kwa hiyo mtoto wangu yuko salama au hayuko?"

"Sijui, mama."

"Hujui."

"Sijui. Kuna anayeweza kujua, yuko ndani. Tafadhali, twende."

Mwanamke akajaribu kuingiza mguu kwenye kiatu. Haukuingia. Profesa alipiga magoti kwenye vumbi na sare yake nyeupe, akavichukua viatu, akalitundika begi begani. Alipomshika mkono kumwinua, vidole vyake vikaenda vyenyewe kwenye mshipa. Ulikuwa unagonga kwa nguvu, haraka. Zaidi ya hapo havikumwambia kitu.

"Usinipime tena," mwanamke akasema, akiutoa mkono wake. "Nishike tu bega, tutembee."