Jani Lililokufa Haraka

Yustina alifungua mlango wa bani, kibanda cha kukaushia tumbaku kwa moto, asubuhi ya siku ya pili ya kuchochea, na kabla macho hayajazoea giza la ndani alikuwa ameshajua. Harufu ilikuwa ya nyasi. Alipapasa ufito wa chini, akachomoa jani moja la tumbaku, akatoka nalo kwenye mwanga. Lilivunjikavunjika vidoleni. Kavu kabisa, na kijani kibichi.

"Mungu wangu," alisema. "Mungu wangu, usiniache."

Kwa miaka kumi na saba hapo Sikonge alikuwa amefunga majani kwenye fito, lakini katika ukoo wa mumewe mwanamke hakugusa moto wa bani. Hiyo ilikuwa kazi ya mume mwenyewe, Kasimiri. Alipozikwa Kasimiri, mwezi wa kumi, kaka yake mkubwa Raymundi alitamka mbele ya wazee: bani la kwanza likitoka zuri, mjane atabaki na shamba. Likiharibika, atarudi kwao Kigwa.

Naye alifanya alivyojua. Mboga ya kunde alizoea kuikausha upesi kwenye jua kali, ibaki na ukijani wake. Basi na tumbaku aliichochea kwa magogo makubwa tangu siku ya kwanza.

Bwana shamba, Lukumani, alipita na pikipiki yake. Alilitazama jani akatikisa kichwa.

"Mama Julieth, hili umeliua kabla halijamaliza kazi."

"Kazi gani, nawe? Si limeshachumwa?"

"Limechumwa, lakini bado hai. Likikaa kwenye joto dogo lenye unyevu siku mbili hivi, linageuza wanga wake kuwa sukari, ukijani unaondoka wenyewe, linakuwa njano. Hapo ndipo unapandisha moto. Wewe umelikatiza njiani."

"Nikilinyunyizia maji?"

"Maji yatalilainisha, mama. Hayatalifufua."

Pikipiki ilipokwisha kuondoka, Yustina alipiga magoti kwenye majivu. Alitaka kusali Baba Yetu, akaishia kwenye mkate wa kila siku. Akakaa hivyohivyo, mikono imefumbatana.

Raymundi alifika saa nne.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Nasikia umetupikia mchicha."

Raymundi aliingia ndani, akatoka na ufito mzima wa majani, akautupa chini. "Kasimiri angekuwepo angelia. Tulikubaliana, Yustina. Sikufukuzi mimi, ni neno lako na letu."

"Nipe bani moja tu, shemeji. Sasa najua nilipokosea."

"Bani la kwanza, tulisema. Kafunge vyombo."

Yustina alikwenda. Njia ya nyumbani ilipita nyuma ya bani, penye lundo la majani aliyoyachuma jana kwa ajili ya awamu ya pili, yamefunikwa turubai. Alipopita, mvuke ulimgusa miguuni. Aliinua turubai, akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko. Ndani kulikuwa na joto kama la tumbo la mtoto mwenye homa.

Akaanza kuyatawanya kwa mikono miwili, kivulini, mafungu mafungu.

"Acha!" Raymundi aliita. "Si yako tena hayo."

"Yanaungua! Hata yakiwa yako, yanaungua. Njoo uguse!"

Alikuja kwa hasira, akagusa, akaurudisha mkono haraka. Alimtazama shemeji yake, kisha akavua koti na kuinama. Walitawanya pamoja mpaka turubai likabaki tupu.

"Haya yakae mpaka lini?" aliuliza Raymundi, akihema.

"Yasikae. Yale mabovu yatolewe banini, haya yafungwe leo, yaingie leo. Moto mdogo siku mbili nzima, mpaka yawe njano. Usipandishe hata kama unaona yanachelewa."

"Na nani atakaa na huo moto?"

"Mimi."

Raymundi alitazama mlango wa bani. Kisha akaketi chini, akavuta ufito mtupu mapajani, akanyoosha mkono apewe majani.