Sauti Iliyonyooshwa

Mwalimu wa Kiswahili hakutulia tangu asubuhi. Aliketi, akainuka, akaenda dirishani, akarudi kufuta meza ambayo ilikuwa safi. Wanafunzi walimwita Bi Kipaza, maana muhula mzima hakuwa na habari nyingine ila podikasti. Insha aliziweka kando. Kila mtoto alitakiwa kurekodi kwa simu ya shule mazungumzo na mtu wa kwao kuhusu kazi yake, kisha darasa zima lisikilize na kujadili. Walimu wenzake walimcheka chini kwa chini, wakasema shule imegeuka kituo cha redio. Yeye akatia pamba masikioni.

Siku hiyo mwalimu mkuu mpya angekuja kusikiliza, aamue kama mambo hayo yaendelee. Na zamu ilikuwa ya binti wa fundi cherehani, mtoto wa dawati la nyuma, mwenye kigugumizi, ambaye hakuwahi kunyoosha mkono darasani. Alipoleta rekodi yake bila kusukumwa, Bi Kipaza nusura alie kwa furaha. Kisha akaisikiliza, na furaha ikatumbukia nyongo. Mtoto alikwama karibu kila sentensi.

Akamwonea huruma, na huruma nayo ikikosa akili ni balaa. Alikaa kwenye kompyuta, akakata kila silabi iliyojirudia, akakata kila kimya, hadi mazungumzo yakawa mafupi na laini. Nafasi kwenye simu ya shule ilikuwa imejaa, kwa hiyo rekodi ya kwanza akaifuta kote. Mtoto mwenyewe hakuambiwa. Eti iwe zawadi. Wasiwasi wa Bi Kipaza ulianzia hapo, ingawa alijidanganya kwamba ni mwalimu mkuu anayemhangaisha.

Mwalimu mkuu akaja, spika ikawashwa. Sauti ya binti ikatiririka, akimuuliza mama yake nguo gani iliwahi kumshinda. Mama akasimulia suruali ya bwana harusi aliyoishona miguu yote miwili ya kushoto. Darasa likaangua kicheko, kisha wote wakageuka kumtazama mwenzao kama mgeni. Yeye aliinamia dawati. Bi Kipaza alizunguka nyuma ya darasa akichezea chaki mpaka ikamvunjikia mkononi.

Mwalimu mkuu alifurahi mno. Akasema sauti kama hiyo ndiyo itakayowakaribisha wazazi siku ya kufunga shule, akamtaka mwenye sauti asimame aseme kama yuko tayari.

Mtoto akasimama. Midomo ikafunguka, neno likagoma. Bi Kipaza, kwa kiherehere chake, akawahi kumjibia kwamba binti ana haya kidogo.

"Si-si-sina haya," mtoto akasema. "Hu-huyo si mimi, mwalimu. Umenikata."

Bi Kipaza akajieleza, maneno yakigongana, kwamba alitaka kumsaidia, wenzake wasimcheke.

"Na ma-mama je? Mbona na yeye umemtoa?"

Bi Kipaza hakuelewa, kwani mama alisikika vizuri. Ndipo mtoto akaeleza, pole pole, huku darasa zima likimsikiliza. Mama yake akishaanza kushona hasimamishi cherehani kwa ajili ya mtu yeyote, hata mteja aje na ugomvi. Lakini binti yake akikwama, huondoa mguu kwenye kanyagio, mashine ikanyamaza, akakaa kimya mpaka neno litoke. Hajawahi kummalizia neno. Kwenye rekodi yote hayo yalisikika, mashine ikinguruma, ikinyamaza, ikianza tena.

"Ni-nilitaka wasikie a-anavyoningoja," akasema.

Mwalimu mkuu akamgeukia Bi Kipaza, akaomba basi wasikilize ile ambayo haijakatwa.

"Nimeifuta," Bi Kipaza akajibu. Aliona aibu hata kumtazama mtoto, lakini akamtazama. Akamwomba radhi mbele ya wote. Akamuuliza kama atakubali kurekodi tena na mama yake, akaahidi kwamba safari hii hatagusa kitu.

Mtoto akafikiri. Akafungua kinywa kujibu, akakwama. Jibu lilikuwa fupi tu, ndiyo au hapana, na Bi Kipaza alikuwa nayo yote mawili kwenye ncha ya ulimi. Akauuma ulimi, akangoja.