Bendera ya Fundi Mwani

Mjini Baida, mwaka ule wa vita, tusi baya kuliko yote lilikuwa mwani. Ukiitwa mwani, umekwisha. Mwani ni wa kijani, kijani ilikuwa rangi ya mkubwa aliyepinduliwa, na yeyote aliyempenda mkubwa huyo, au aliyesemekana kumpenda, au aliyewahi kupaka mlango wake kijani bila sababu nzuri, alikuwa mwani. Mlima ambao mji wenyewe umeukalia unaitwa Mlima wa Kijani, nao ulisalimika kwa kuwa hauna majirani wa kuusengenya.

Awad, fundi cherehani, alikuwa na majirani.

Kosa lake lilikuwa la kikazi. Kila ilipokaribia Septemba, mwezi wa sherehe za mkubwa, maofisa walimletea majora ya kitambaa cha kijani, naye akakata, akapinda, akawapa. Bendera ile haikudai akili ya fundi: rangi moja tu, haina nyota, haina mwezi, haina hata doa. Baba yake, marehemu Jibril, alizishona kabla yake, na Awad akarithi cherehani pamoja na mteja. Februari watu walipozishusha na kuziwasha moto, mmoja wao akaona pindo la mishono miwili, akainama, akalitazama pindo la suruali yake mwenyewe. Lilikuwa lilelile. Jioni hiyo Awad akapata jina.

Jina lingekuwa la kuchekea kama si Wanisa. Yeye na Awad walikwisha kukubaliana kuoana, na shangazi yake Awad alikuwa tayari kwenda kuposa, vita vikaingia. Kaka yake Wanisa, Khamis, akaenda mstari wa mbele huko Brega na hakurudi. Baba yao, Haji Mrajaa muuza asali, akatamka mbele ya wateja, kijiko cha kuonjea kikiwa mkononi, kwamba nyumba iliyotoa shahidi haitaoza binti kwa mwani. Tangu siku hiyo Awad hakutulia. Alikuwa akianza shati, analiacha kwenye mkono mmoja, anatoka nje, anatazama barabara kama mtu aliyeagiza teksi, anarudi, anasahau alikuwa akishona nini.

Kwa hiyo tarehe ishirini na nne Desemba ilipokaribia, siku ya uhuru iliyokuwa haijasherehekewa kwa miaka mingi, na kamati ya mtaa ikatangaza kwamba inataka bendera kubwa ya kupandishwa uwanjani pa shule, Awad alikwenda mwenyewe kuomba kazi. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Faraj, kijana wa nywele ndefu aliyerudi kutoka vitani na gari lenye bunduki kubwa mgongoni na hadithi zilizozidi risasi. Faraj alicheka mpaka akakaa. Akasema mkubwa aliwaita panya wao wapiganaji, basi leo panya atashonewa na mwani, itakuwa bustani nzima ya wanyama. Lakini kamati haikuwa na fundi mwingine wa kuunga kitambaa cha mita nne bila kukikunja kunja, ikampa.

Awad alishona siku tatu, bendera ya zamani, ile ya kabla ya mkubwa, iliyorudishwa Februari. Nyekundu juu, nyeusi katikati, kijani chini, mwezi mchanga na nyota nyeupe katikati ya weusi. Kanda tatu, upana mmoja, kama zilivyokuwa kwenye kuta, kwenye vikombe, kwenye mashavu ya watoto na kwenye mlango wa gari la Faraj. Ijumaa alasiri, siku moja kabla ya sherehe, akamaliza, akaitandika juu ya meza, akamwita shangazi yake Mabruka aje aibariki.

Shangazi Mabruka alikuwa ameanza kusahau. Alimwita Awad kwa jina la baba yake, na wiki ile alikuwa ametia chumvi kwenye chai mara mbili. Aliitazama bendera muda mrefu, mikono nyuma.

"Nyeusi yako imekonda, Jibril."

"Mimi Awad, shangazi."

"Awad au Jibril, imekonda. Nyekundu shibiri moja, nyeusi shibiri mbili, kijani shibiri moja. Darasa la kazi za mikono tulikuwa tunapima kwa vidole. Ukikosea, mwalimu anakupiga kwa rula papa hapa." Akaonyesha vifundo vya vidole.

Awad akacheka, kisha akaacha kucheka. Akajiambia huyu ni mtu wa chumvi kwenye chai. Akaenda jirani kwa muuza simu, ambako televisheni haikuzimwa toka Februari, akasimama mbele yake kama anayesubiri matokeo ya mpira. Waziri fulani alikuwa akihutubia kule Tripoli, bendera nyuma yake. Awad akachomoa utepe wa kupimia shingoni akaupeleka kwenye kioo, juu ya bega la waziri. Muuza simu akamuuliza kama waziri anataka suti. Nyekundu ilikuwa sentimita mbili. Nyeusi nne. Kijani mbili.

Miezi kumi mji mzima ulikuwa ukiitazama bendera hiyo na kuililia, na hakuna aliyeipima. Waliozaliwa chini ya ile ya kijani hawakuijua. Wazee waliokuwa wakiijua walikumbuka rangi zake na kusahau vipimo. Aliyechora ukuta wa kwanza alikuwa na haraka, risasi zinapigwa, akagawanya sawa kwa sawa, wengine wote wakamnakili.

Sasa ndipo Awad alipochanganyikiwa hasa. Akiipeleka ilivyo, hakuna atakayejua. Akiirekebisha, bendera yake peke yake katika mji mzima itakuwa na weusi mwingi, na aliyeuongeza ni nani? Mwani. Watasema amepanua msiba. Watasema anamwombolezea mkubwa wake hadharani, mbele ya mama wa mashahidi, na kwa kitambaa cha kamati. Alizunguka meza mara tatu. Akaketi, akasimama. Mwishoni akampigia Wanisa.

Wanisa alikuwa mwalimu wa darasa la nne na hakuwa na subira na watu wanaojua jibu kisha wakauliza swali. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Ukikosea, baba atasema alijua. Ukipatia, baba atasema umebahatisha. Basi ukiwa utasemwa tu, si bora usemwe kwa kitu cha kweli?"

"Watanichana, Wanisa."

"Wewe si fundi? Jishone."

Tatizo lililobaki lilikuwa kitambaa. Kijani ilijaa mjini mpaka kwenye mabomba ya maji, lakini nyeusi ilikuwa imekwisha: robo imekwenda kwenye bendera, iliyobaki kwenye mabaibui ya waliofiwa. Maduka mawili yalimwambia arudi Jumapili. La tatu halikumwambia kitu, mwenye duka alimwona anakuja akageuza uso. Saa kumi na moja Wanisa akapita mbele ya kibanda cha Awad akiwa na binamu yake, hakusimama, hakumtazama, akaangusha mfuko kizingitini kama aliyechoka kuubeba. Ndani mlikuwa na kitambaa cheusi kizuri, mita tano, alichokuwa amekiweka ajishonee baibui jipya. Awad akafumua kazi ya siku tatu. Akapunguza nyekundu, akapunguza kijani, akaweka nyeusi mpya ya upana mara mbili, akarudisha mwezi na nyota. Kabla ya adhana ya alfajiri alikuwa amemaliza, na nje mvua ya mlimani imeanza.

Asubuhi mvua ilipungua ikawa manyunyu. Uwanja wa shule ulijaa. Mbele waliketi mama wa mashahidi, kila mmoja na picha ya mwanawe mapajani. Katikati yao mama yake Wanisa, Hajja Tibra, na picha ya Khamis akiwa amevaa jezi ya mpira. Haji Mrajaa alisimama nyuma yao na wanaume. Awad na Faraj wakaikunjua bendera chini ya mlingoti, kila mmoja ameshika upande wake, na pale pale minong'ono ikaanza, kwanza kwa wanafunzi, ambao wana macho, kisha kwa wakubwa.

Faraj alirudi hatua moja, akaangalia bendera, akaangalia mlango wa gari lake, akaangalia bendera.

"Wewe mwani," alisema taratibu, "mbona weusi umefura hivi? Unamlilia nani?"

Awad alikuwa amejiandalia maelezo usiku kucha: shangazi, shibiri, waziri, sentimita. Yote yakatoka kwa mkupuo mmoja, yakapandana, shangazi akawa waziri na waziri akawa na rula. Watu wakacheka. Mtu wa nyuma akapaza sauti kwamba kizee cha kusahau sahau ndicho sasa kinachotuchagulia bendera. Mwingine akasema wapandishe ndogo iliyo juu ya jengo la shule, hii ikachomwe kama zile za kijani. Faraj akaona amepata mahali pa kuonekana mkubwa. Akamwambia Awad akate huo weusi uliozidi, hapo hapo, aunge haraka, watu wanalowa.

Awad katika maisha yake hakuwahi kumkatalia mteja. Aliletewa kijani akashona kijani. Angeletewa ya madoadoa angeshona ya madoadoa. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa mkasi, na badala ya kuufungua akamwelekezea Faraj mpini.

"Mkubwa alinipimia, nikashona bila kuuliza, ndiyo maana mnaniita mnavyoniita. Safari hii nimeuliza. Ndivyo ilivyo. Kama mnataka ikatwe, kata wewe."

Faraj akaupokea mkasi, kwa sababu ulikuwa tayari mkononi mwake. Akashika ukingo wa weusi. Alikuwa amepiga vita miezi minane chini ya bendera hiyo, na sasa amesimama na mkasi juu yake, mbele ya safu nzima ya picha. Akatafuta uso wa kumsaidia. Hajja Tibra alikuwa akimtazama, wala si kwa hasira.

"Faraj, mwanangu," alisema, "Khamis mlimfunika na bendera ipi?"

Walimfunika Khamis na bendera iliyoletwa kutoka ng'ambo na meli ya dawa, na Faraj ndiye aliyeshika pembe ya miguuni. Alisimama hapo na manyunyu yanamtiririka kwenye nywele, na ukamwona anaipima ile bendera ya meli kichwani, ukanda kwa ukanda, macho yameinuka juu kama mtoto anayetafuta jibu darini. Kisha akampa Awad mkasi wake.

"Pandisha," alisema. Na kwa kuwa hakuweza kuacha hivi hivi, akaongeza, "Mishono ikiachia, ni wewe na mimi."

Bendera ikapanda. Wengine wakapiga makofi, wengine wakakaa wamekunja mikono, na wimbo wa taifa ukaimbwa vibaya kwa sababu nusu ya watu walijua ubeti wa kwanza tu na nusu nyingine walikuwa bado wanatazama weusi. Hakuna aliyemwomba Awad radhi. Wakati wa kutoka mtu mmoja alimwita mwani kama kawaida, ila alimsogezea mwavuli.

Jumatatu Haji Mrajaa aliingia kibandani bila salamu ndefu, ana mfuko wa plastiki kwapani. Awad alisimama ghafla hata kiti kikaanguka. Mzee akatoa bendera ya darini kwake, ile aliyoitundika siku ya arobaini ya Khamis, kanda zake zote sawa, akaiweka mezani akiisukuma kwa kidole kimoja.

Alisema juzi na jana amepima ya kwenye televisheni. Kwa rula ya Wanisa. Watangazaji wa siku hizi hawatulii, ilimbidi apime mara nne.

"Na?" aliuliza Awad.

"Na weusi ni mara mbili." Haji akaangalia vibobini ukutani, uzi wa kila rangi, mpaka akafika kwenye kijani, ambako hakukaa. "Unaweza kuirekebisha hii bila kubadilisha nyota? Nyota aliikata Khamis mwenyewe, kabla hajaenda Brega. Imepinda. Iache ilivyopinda."

Awad alisema anaweza. Alisema mara mbili. Akachukua utepe akapima, akasahau namba, akapima tena.

Mzee alifika mlangoni, akasimama akiwa amempa mgongo, anatazama barabara.

"Shangazi yako anaendeleaje?"

"Yupo, Haji. Anasahau."

"Alhamisi asisahau. Aje na wanawake wa kwenu, Hajja atakuwepo." Akatoka, akarudi nusu. "Na asitie yeye chumvi kwenye chai. Habari hizo zimefika."

Awad akaketi kwenye cherehani. Akafumua ukanda wa kwanza, akagundua amefumua wa kijani badala ya mweusi, akaushona tena, akaondoka kwenda kutafuta kitambaa bila kufunga mlango.