Kicheko cha Bi Chausiku

Usiku wa jana niliota niko mlangoni kwa Mwalimu Ulimboka, nakabidhi filamu yangu. Msianze kuniuliza nilikula nini. Nilikula mihogo na chai ya rangi, nikalala na kompyuta ubavuni, maana filamu ilitakiwa imfikie mwalimu leo saa nne asubuhi, na sharti lake lilikuwa moja tu: dakika kumi kamili, isizidi hata sekunde.

Filamu yenyewe inahusu kikundi cha Tuvae Sote, akina mama wa mtaani kwetu wanaokusanya sare za shule zilizochakaa, wakazishona upya na kuwagawia watoto wasio nazo. Bure kabisa. Nimewarekodi wiki tatu, na wiki zote tatu nilijiona bingwa.

Basi, kwenye ndoto, mwalimu hayupo. Ofisini kuna benchi, na benchi ndilo mwalimu.

"Dakika zako zikae," linasema.

Dakika zangu kumi zinaingia moja moja, zimevaa sare, zinakaa. Zimebanana, hata sindano haipenyi. Nikashusha pumzi. Hapo hapo mlango ukagongwa.

"Hodi!"

"Karibu," nikasema, maana mtu akipiga hodi utafanyaje?

Kilichoingia ni kicheko. Hakikuwa na mtu ndani yake. Kilikuwa kicheko kitupu, kimejifunga kanga, kimeshika ndala mkononi kwa sababu ya matope. Nilikitambua papo hapo. Ni cha Bi Chausiku.

Ngoja niseme ukweli. Bi Chausiku ndiye aliyekianzisha kikundi. Siku ya mahojiano nilimuuliza ilikuwaje mwanzoni. Akasema kaptura yake ya kwanza aliishona vibaya, mfuko ukakaa nyuma, katikati kabisa, na mtoto akaenda nayo shule hivyo hivyo. Akawa anatia humo karanga. Kila akikaa, zinasagika. Bibi akacheka sekunde kumi na moja, mpaka stendi ya kamera ikatikisika. Nami, na usomi wangu, nikamwambia, "Bibi, tuanze tena, safari hii bila kucheka. Watu wanataka kuona shida." Akanitazama. Akasema, "Haya, mwanangu, wewe ndiye msomi." Akainamisha kichwa. Nikaweka kichwa kilichoinama, kicheko nikakikata.

"Shikamoo," nikakiambia kicheko.

"Marahaba. Nimekuja kukaa."

"Samahani, pamejaa."

"Naona. Na yule mnene ni nani?"

Nikageuka. Kwenye dakika ya kwanza kajibanza mtu wa suti, juu ya suti kajifunika blanketi, miguu kainyoosha. Kumbe ni sauti yangu! Ile niliyoirekodi chini ya blanketi, nikiifanya nzito kama ya mtangazaji.

"Katika dimbwi la umaskini," sauti inasema bila kuulizwa, "wapo wanawake wasio na tumaini..."

"Dimbwi gani tena?" kicheko kinauliza. "Mimi jana nimekula samaki."

Sasa tuko kwenye chumba cha kushonea cha Tuvae Sote, ingawa hakuna aliyeinuka. Vyerehani vinashona vyenyewe. Stendi ya kamera imesimama mbele ya kioo, inajaribisha kaptura ya miguu mitatu. Bi Chausiku amepiga goti, pini mdomoni, anapima.

"Inabana?" anaiuliza.

"Mguu wa kati, kidogo."

Nilitaka kucheka, ila nikaona kichwa cha Bi Chausiku. Kimeinama. Anapima ameinama, anainuka ameinama, anakwenda kuchukua uzi ameinama vile vile.

"Bibi, inua kichwa."

"Siwezi, mwanangu. Ndivyo ulivyoniweka. Na Jumamosi mtaa mzima unakuja kuiangalia filamu yako. Nimeshawaalika wajukuu."

Jamani, niliona aibu. Aibu ile ya kutafuta pa kuuficha uso. Wajukuu zake wote wanamjua kwa kicheko, na mimi nawapelekea bibi asiyekuwa wao.

"Kata!" nikapiga kelele.

Mkasi ukajiinua mezani. "Nikate nini? Nionyeshe. Mimi sikati kwa kubahatisha."

Nikaionyesha sauti yangu.

"Stamili!" sauti ikalia. "Mimi si ni wewe?"

"Ndiyo maana nakujua. Toka."

Mkasi ukapita mara moja. Sauti ikaanguka chini na blanketi lake. Benchi likaipima: sekunde kumi na moja. Kicheko kikavaa ndala, kikakaa palepale, kikaenea.

"Dakika kumi kamili," likasema benchi. "Pita."

Bi Chausiku akainua kichwa. Akaiona stendi na kaptura yake, mfuko uko nyuma, katikati kabisa. Akacheka! Dakika zikacheka, mkasi ukacheka, benchi likacheka mpaka tukaanguka wote. Sijawahi kufurahi vile nikiwa macho. Sauti yangu tu ndiyo ilibaki mlangoni, haina pa kwenda.

"Na wewe, ingia huko ndani ya cherehani changu," Bi Chausiku akaiambia. "Kazi ipo."

Ikaingia.

"Stamili! Saa mbili hii! Filamu je?" Alikuwa Nsia, ninayekaa naye chumba kimoja, ananitikisa bega. Nikafungua mdomo nimjibu. Hakuna kitu. Nikanywa maji, wapi! Sauti imekauka kabisa.

Nikafungua kompyuta. Nikayafuta maneno yangu ya mwanzo, nikarudisha kicheko. Ikasoma dakika kumi kamili. Nsia, ambaye hajui lolote, alikisikia huku anapiga mswaki, akacheka mpaka povu likamtokea puani. Nikaituma kwa mwalimu.

Simu ikaita. Bi Chausiku.

"Mwanangu, hujambo? Hebu niambie, uliacha nini huku? Cherehani changu tangu alfajiri kinanguruma kama mtu wa redio. Nimekitia mafuta, wapi! Jumamosi uje ukisikilize."

Kisha akacheka, kile kile, kirefu. Nikataka kumwambia ninakuja. Sikuwa na cha kumwambia nacho.