Sungura wa Sikio Moja

Jumapili ya pili ya mwezi Machi, saa tano kasorobo asubuhi, Thirza Endacott alihesabu hatua arobaini kutoka kwenye mti wa miiba uliopinda, akapiga magoti kama wanavyopiga watu wa miaka sabini na tatu, yaani moja kwanza na la pili baada ya kufikiri, akaondoa jiwe bapa chini ya jabali. Sanduku lilikuwepo. Lilikuwa kopo la plastiki lililofungwa ndani ya mfuko mweusi, na humo mlikuwa na vitu vilevile vinavyokuwa katika masanduku yote ya barua yaliyofichwa kwenye nyika ya Dartmoor: daftari, kalamu, kidau cha wino na muhuri wa sanduku lenyewe. Anayelipata hupiga muhuri wake kwenye daftari, hurudisha jiwe lilivyokuwa, wala hamwambii mtu. Daftari halitolewi mahali pake kwa hali yoyote. Watu wa huko wamevunja amri nyingi za Mungu, lakini hiyo hawajaivunja.

Kwenye ukurasa wa mwisho palikuwa na muhuri mpya wa sungura asiye na sikio la kushoto.

Thirza aliugusa, wino ukamshika kidoleni. Sungura yule alichongwa na mumewe, Garnet, kwenye raba ya kufutia ya shuleni, na sikio liliondoka kisu kilipoteleza. Garnet aliutumia muhuri huo kwa miaka thelathini na mmoja. Miezi kumi na minne iliyopita Thirza mwenyewe aliutia katika mfuko wa kizibao cha marehemu kabla jeneza halijafungwa. Chini ya sungura paliandikwa, kwa mwandiko wa Garnet uleule wa kulalia upande: "Upepo wa magharibi. Kinamasi kimejaa. Rudi kwa njia ya juu."

Thirza alipiga muhuri wake wa birika, akaandika, "Nimeona. Buti zangu zinavuja," akarudi nyumbani kwa njia ya juu.

Lazima ieleweke kwamba nyumbani Garnet alikuwa mtu wa "ndiyo", "hapana" na "chumvi". Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini mshindo wa Garnet ulitoka kwenye daftari tu. Enzi za uhai wake alipanda nyikani Jumapili asubuhi, mkewe akapanda mchana, na yote aliyoshindwa kuyasema mezani Thirza aliyasoma chini ya jabali. Hivyo ndivyo alivyojua kwamba anapendwa, na kwamba mchuzi wa figo haupendwi.

Basi wakaendelea kama zamani. Garnet alimwambia apake buti mafuta ya kondoo. Alimweleza kwamba huko aliko goti halimuumi. Mwezi Aprili, Thirza alipowahi kidogo, ukungu ulikuwa umeshuka; Garnet alikuwa ameshapita, lakini marehemu wenzake walikuwa bado wapo. Walikuja mmoja mmoja kwenye Njia ya Majeneza, ambayo wakulima wa mashamba ya juu waliitumia kwa karne nyingi kuwabeba wafu wao hadi kanisani. Walikuja kwa utulivu, kama watu waliokwenda kupiga kura. Kila mmoja alipiga magoti, akagonga muhuri wake, akaufuta kwa upindo wa nguo. Kulikuwa na muhuri wa mti, wa pembe, wa kiazi. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alitumia dole gumba lake, kisha akalishika dole la mtoto, akaligonga pembeni. Mzee mmoja alimwinulia Thirza kofia. Naye alivua yake, akasimama kwenye umande machozi yakimtoka, akajiona mdogo sana mbele yao, na udogo ule ukampendeza.

Jumapili ya mwisho ya Mei, Garnet aliandika hivi: "Jumapili ijayo nitakueleza kwa nini sikuja hospitali siku ya Merryn."

Merryn alikuwa binti yao. Aliishi saa sita, miaka arobaini na minne iliyopita, na saa zote sita alikuwa mikononi mwa mama yake peke yake. Thirza hakuwahi kuuliza. Garnet hakuwahi kusema.

Jumatano ya wiki hiyo Bwana Lucian Farr, aliyekuwa amelinunua shamba lenye jabali lile miaka miwili nyuma, alizungushia ardhi yake uzio wa waya wenye urefu wa mtu na nusu. Alikuwa na swala wa kufuga, na swala, alisema, wanahitaji utulivu. Jumapili iliyoahidiwa Thirza alijaribu kuupanda uzio, akafika waya wa tatu. Wafanyakazi wawili wa Farr, ambao Thirza aliwahi kuwapikia uji shuleni, walimshusha kwa heshima na kumwokotea kofia.

"Tusamehe, Mama Endacott," walimwambia. "Kazi ni kazi."

"Mwenye nguvu mpishe," alisema jirani yake, Loveday Coaker, akimpaka dawa ya mchubuko. "Mwandikie Garnet barua, kaiweke kaburini."

"Garnet hasomi barua za nyumbani. Unamjua."

"Basi tumshtaki Farr, shoga yangu. Njia iliyopitishiwa jeneza haifungwi. Hata bibi yangu alijua hilo, na bibi yangu hakujua kitu."

Mkaguzi wa njia, aliyetumwa na serikali kuamua shauri hilo, alikuja Septemba. Aliitwa Bibi Askew, mtu mwangalifu, mwenye kalamu mbili endapo moja itaisha. Aliketi katika ukumbi wa kijiji, akaeleza kwamba maneno ya bibi yake Loveday hayamo katika sheria yoyote. Sheria inataka umma uwe umepita kwa miaka ishirini, bila kuomba ruhusa, bila kujificha, bila kutumia nguvu.

"Umma umo kwenye daftari," alisema Thirza. "Wamepiga mihuri wote."

"Wakiwemo walio hai?"

"Mimi."

"Na wengine?"

"Wengine walio hai wana magari," alisema Loveday.

Bibi Askew alipanda nyikani peke yake, kama utaratibu unavyotaka, akafunguliwa geti na Bwana Farr. Alikaa huko saa tatu. Aliporudi ukumbini macho yake yalikuwa mekundu na dole gumba lake lilikuwa na wino. Alinywa maji. Alisema daftari ni halali, mihuri ni mia nne na kumi na miwili, na kwamba yeye mwenyewe aliwapisha wapitaji kumi na tisa.

"Kuna aliyeniandikia?" aliuliza Thirza.

"Yupo. Kurasa mbili."

Thirza aliinuka kitini.

"Anasema nini?"

Bibi Askew aliifunga kalamu yake, akaifungua, akaifunga. "Hayahusu suala la njia, Bibi Endacott. Siruhusiwi kuyasema." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Ningeruhusiwa, ningekusomea sasa hivi."

Wala hakuwa anadanganya. Alikuwa mtu mwema, na ndiyo maana alifuata taratibu zote.

Uamuzi ulifika kwa posta mwezi Novemba. Ulisema kwamba umma, kwa maana ya sheria, ni watu walio hai, na mtu mmoja aliye hai, hata akipita kila Jumapili, si umma. Uzio ulikuwa halali. Marehemu wangeweza kuendelea kupita, kwa kuwa haki hawaihitaji na uzio hauwazuii. Bwana Farr, asionekane mtu mgumu, aliweka kibao kizuri cha mbao kwenye geti: NJIA HII NI YA MAREHEMU PEKEE.

Jumapili iliyofuata Thirza alisimama mbele ya kibao hicho, saa tano kasorobo. Ukungu ulikuwa umeshuka. Marehemu walipita mmoja mmoja katikati ya uzio kama vile haupo, na yule mzee akamwinulia kofia. Mti wa miiba ulionekana, na jabali pia. Hatua arobaini tu.

Bwana Farr alikuja na mbwa wake, akasalimia.

"Sina ubaya nawe, Bibi Endacott. Wakati wako ukifika, karibu sana."

"Asante," alisema Thirza, kwa kuwa alilelewa hivyo.

Alirudi kwa njia ya juu, maana kinamasi kilikuwa kimejaa, akaingia kwa Loveday bila kubisha. Loveday alikuwa anamenya viazi.

"Ukinizika," alisema Thirza, "usinivishe vile viatu vya kanisani. Nivishe buti."

Loveday alifuta mikono, akaichukua barua ya uamuzi pale mezani, akaigeuza nyuma apate pa kuandika.

"Buti," alisema. "Na nini tena?"

"Muhuri wangu, mfuko wa kulia. Na miwani ya kusomea."